Mwongozo kamili: Kupanga shahada ya sanaa pamoja na mshauri wako wa kitaaluma

Kila wiki ya usajili, katika vyuo vya Iringa na Mbeya, foleni hujipanga nje ya milango ya wahadhiri. Mwanafunzi huingia na fomu mkononi, huomba saini, hushukuru na kutoka. Anasubiri muda mrefu kuliko ule anaozungumza. Akifika mwaka wa tatu hurudi akiuliza shahada yake ya historia, fasihi, sosholojia au jiografia inaweza kumfikisha wapi, na wakati huo sehemu kubwa ya maamuzi ambayo yangemsaidia imekwisha kupita.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu swali hilo linarudi kila mwaka, na wanaoliuliza ni vijana wenye akili na bidii. Wengi wao wanadhani tatizo ni shahada ya sanaa yenyewe. Mimi siamini hivyo. Shahada ya uhasibu au ya uuguzi imebeba jina la kazi ndani yake, kwa hiyo hata asiyepanga chochote anajua aanzie ofisi gani. Shahada ya sanaa haibebi jina hilo. Thamani yake hutokana na kozi ulizochagua, maandishi uliyoyatoa na watu walioiona kazi yako, na mambo hayo matatu yanataka mpango. Mshauri wa kitaaluma ndiye mtu aliyekabidhiwa na chuo jukumu la kupanga pamoja nawe, lakini atakupa kwa kadiri ya kile utakachomwekea mezani.

Hatua zilizo hapa chini zinamfaa zaidi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili. Aliye mwaka wa tatu aanzie hatua ya nne, kisha arudi nyuma pale anapoona pengo.

## Vitu vya kuandaa

Usiende kwa mshauri mikono mitupu. Kusanya kwanza vitu hivi:

- Kaunta buku moja, ambalo halitatumika kwa kazi nyingine yoyote hadi siku ya mahafali.
- Prospektasi ya chuo, yaani kitabu kinachoeleza programu na kozi zake, pamoja na kanuni za mitihani. Hupatikana kwenye tovuti ya chuo. Peleka steshenari kurasa za programu yako tu, kwa sababu kuchapa kitabu kizima ni kupoteza fedha.
- Matokeo yako ya semista zote. Aliye katika semista ya kwanza atumie matokeo ya kidato cha sita au ya stashahada.
- Ratiba ya mihadhara na semina.
- Matangazo matano ya kazi unazozitamani, kutoka Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, magazetini au kwenye mashirika.
- Insha moja iliyosahihishwa na mhadhiri, ikiwa na maoni yake pembeni.

Kitu hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika kuliko vyote, na mimi ndicho ninachokithamini zaidi. Matokeo yanamwonyesha mshauri alama uliyopata, ilhali insha inamwonyesha namna unavyofikiri, mahali unapokatiza hoja, na kama huwa unasoma maoni ya wasahihishaji au unaangalia alama tu na kukunja karatasi.

## Hatua ya 1: Mfahamu mshauri wako, na ufahamu nani si mshauri wako

Majina ya washauri hubandikwa kwenye mbao za matangazo za idara au hutumwa kwa viongozi wa madarasa mwanzoni mwa mwaka. Usipoliona jina lako, nenda kwa katibu muhtasi wa idara badala ya kumfuata mhadhiri unayempenda, kwa kuwa mhadhiri ambaye hakukabidhiwa jina lako anaweza kukupa maneno mazuri lakini saini yake haitakubaliwa kwenye fomu ya kubadili kozi.

Siku nyingi hupotea kwa kupeleka jambo la kweli kwenye ofisi isiyohusika. Mambo ya mkopo yana afisa wake chuoni, ambaye ndiye kiungo kati yako na Bodi ya Mikopo. Malazi, msiba, ugonjwa na migogoro ya hosteli huanzia kwa mlezi wa wanafunzi. Alama isiyoonekana kwenye mfumo huulizwa kwa mhadhiri wa kozi na kwa mratibu wa mitihani wa idara. Mshauri wa kitaaluma anahusika na kozi gani usome, kwa mpangilio upi, kwa lengo gani, na nini kifanyike alama zinaposhuka.

Onyo. Mgawanyo huo usikufanye umfiche mshauri jambo zito. Ukiugua katikati ya semista, kuahirisha masomo kwa barua iliyopitishwa na chuo ni jambo moja, na kuondoka kimya kwenda nyumbani ni jambo jingine kabisa. Wa kwanza hurudi mwaka unaofuata akaendelea, wakati wa pili hukuta jina lake limeandikwa kuwa ameacha masomo.

Umefanikiwa ukiwa na jina la mshauri, chumba chake na saa zake za kuonana na wanafunzi, vyote vimeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa kaunta buku.

## Hatua ya 2: Yasome matokeo yako kabla hajayasoma yeye

Wanafunzi wa sanaa huogopa hesabu hata pale zinapowahusu wenyewe, na matokeo yake ni kwamba GPA, yaani wastani wa alama zako zote, huonekana kama hukumu inayoshuka kutoka juu. Kumbe ni hesabu ya kuzidisha na kugawanya.

Katika mfumo unaotumika kwenye vyuo vyetu vingi, A ina pointi 5, B+ ina 4, B ina 3 na C ina 2. Kila kozi ina uzito wake wa krediti. Unazidisha pointi kwa krediti, unajumlisha, kisha unagawanya kwa jumla ya krediti zote. Daraja la kwanza huanzia 4.4, la pili la juu 3.5, la pili la chini 2.7, na ufaulu wa kawaida 2.0.

Tuseme semista moja ina kozi tatu za krediti 12 na nyingine tatu za krediti 8, yaani jumla ya krediti 60. Katika zile kubwa umepata B, B na C, ambazo zinatoa 36, 36 na 24. Katika zile ndogo umepata A, B+ na B+, ambazo zinatoa 40, 32 na 32. Jumla ni 200. Ukigawanya kwa 60 unapata 3.33, yaani daraja la pili la chini.

Sasa angalia. Ukiipandisha ile C ya kozi kubwa ikawa B, jumla inakuwa 212 na GPA inakuwa 3.53, na umevuka kwenda daraja la pili la juu. Ukiiacha C palepale, ukaipandisha B+ moja ya kozi ndogo ikawa A, jumla inakuwa 208 na GPA inakuwa 3.47. Kama kanuni za chuo chako hukata desimali badala ya kuipandisha, hiyo inabaki 3.4, yaani daraja la pili la chini. Umepanda alama moja katika hali zote mbili, lakini moja imekuvusha na nyingine imekuacha. Hii ndiyo sababu ninawasihi wanafunzi waache kukesha kwenye kozi wanazozifurahia tu, huku ile nzito wanayoiogopa ikiachwa hadi wiki ya mtihani.

Tofauti hizo zina uzito baadaye. Shahada ya uzamili kwa kawaida hudai angalau 2.7, na anayetaka kuajiriwa kuwa mkufunzi msaidizi chuo kikuu huhitaji 3.8.

Kuna hesabu nyingine ya kufanya hapohapo. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi, ikijumuisha mihadhara, semina na kujisomea. Krediti 60 ni saa 600, na semista yenye wiki 15 inakudai saa 40 kila wiki. Anayeendesha bodaboda au kibanda cha M-Pesa ili ajikimu, nami najua wapo wengi na sababu zao ni za kweli, aziandike saa hizo kwenye ratiba mbele ya mshauri, ili wapange pamoja kozi ambazo ratiba hiyo inaweza kuzibeba.

Umefanikiwa kama unaweza kutaja GPA yako, kozi inayoishusha, na sababu ya kozi hiyo kukushinda: kutoelewa mada, kukosa semina, uandishi mbovu, au Kiingereza cha kitaaluma.

## Hatua ya 3: Chora ramani ya semista sita

Fungua kurasa mbili za kaunta buku zinazotazamana, uchore safu sita, moja kwa kila semista. Jaza kozi za lazima kwa kalamu ya wino. Kozi za hiari ziandike kwa penseli, kwa kuwa kozi ya hiari iliyomo kwenye prospektasi inaweza isifundishwe mwaka huo kwa sababu mhadhiri wake yuko masomoni au waliojisajili ni wachache. Kila kozi ya hiari iwe na mbadala wake pembeni. Angalia pia kozi zenye sharti la kutanguliwa na nyingine. Ukiiruka ya mwaka wa kwanza, ya mwaka wa tatu inafungwa.

Hapa ndipo elimu pana hujengwa au hupotea. Katika vyuo vya sanaa na sayansi vya Marekani, mwanafunzi huingia bila kulazimika kutaja fani yake kuu, husoma masomo ya aina mbalimbali, na kwa kawaida hutangaza fani hiyo kufikia mwisho wa mwaka wa pili, huku mshauri akipitia chaguo lake kila semista. Hapa Afrika, Chuo Kikuu cha Ashesi nchini Ghana, kilichoanzishwa na Patrick Awuah mwaka 2002, huwafanya hata wanafunzi wa kompyuta na biashara wasome msingi wa pamoja wa masomo ya jamii, maadili na uandishi. Kwetu mambo ni tofauti: unapokea udahili wa programu moja kwa moja kutoka kidato cha sita au stashahada, na sehemu kubwa ya kozi imekwisha kupangwa. Upana hauji wenyewe. Unapaswa kuutafuta ndani ya nafasi chache za hiari ulizopewa, ndiyo maana nafasi hizo zisitupwe.

Ninapendekeza vigezo vitatu. Hakikisha umechukua angalau kozi moja yenye namba, kama takwimu, mbinu za utafiti wa kitakwimu au uchoraji wa ramani kwa kompyuta. Chukua angalau moja inayodai andiko refu, ambalo mhadhiri atalisoma na kulirudisha likiwa na masahihisho. Na uchukue moja iliyo nje ya idara yako kama kanuni zinaruhusu: mwanahistoria asome uchumi wa maendeleo, mwanafasihi asome saikolojia, mwanajiografia asome uandishi wa habari.

Wanaosomea ualimu, kama ilivyo kwa wanafunzi wengi wa chuo cha elimu cha Mkwawa pale Iringa, wana nafasi finyu zaidi, kwa kuwa masomo mawili ya kufundishia na kozi za ualimu hujaza karibu ramani yote. Wao watafute upana kwenye midahalo, maktaba na mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho.

Onyo. Kuna kozi zinazosifiwa hosteli kuwa ni laini. Sisemi zikwepwe zote. Ila mwanafunzi aliyejaza ramani yake kwa kozi laini huhitimu na GPA nzuri bila andiko hata moja la kumwonyesha mwajiri, na usaili wa kuandika humuumbua.

Umefanikiwa kama ramani haina kisanduku kitupu, na kwa kila kozi ya hiari unaweza kusema kwa sentensi moja kwa nini ipo.

## Hatua ya 4: Yasome matangazo ya kazi kwa kalamu mkononi

Chukua yale matangazo matano. Katika kila moja pigia mstari sifa za elimu, kisha majukumu, kisha ujuzi mwingine. Utagundua makundi mawili.

Kundi la kwanza halikuruhusu kuingia bila taaluma maalumu. Anayetaka kuwa wakili lazima awe na shahada ya sheria na kisha apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo; mhasibu hupita kwenye mitihani ya bodi ya wahasibu, na mtu wa ununuzi hutambuliwa na bodi yake. Hakuna mshauri anayeweza kukupitisha hapo kwa maneno. Kama moyo wako uko huko, ni afadhali ulijue hilo mwaka wa kwanza kuliko wa tatu.

Kundi la pili ni pana. Tangazo la Afisa Maendeleo ya Jamii kwa kawaida hutaja sosholojia, maendeleo ya jamii na fani kadhaa za jirani. Mashirika, redio, miradi ya utafiti na taasisi za fedha mara nyingi huandika "au fani zinazofanana". Yasome majukumu kwa utulivu: kuandaa taarifa za robo mwaka, kuendesha mikutano ya wananchi, kuchambua takwimu za kaya, kutunza kumbukumbu, kuandika maandiko ya miradi. Hayo ni mambo yanayofundishwa kwenye programu za sanaa, japo majina ya kozi hayasemi hivyo.

Rudi sasa kwenye ramani. Kila jukumu linalojirudia kwenye matangazo matatu au zaidi litafutie kozi inayolifundisha. Jukumu lisilo na kozi ndilo swali la kumpelekea mshauri.

## Hatua ya 5: Omba miadi kwa maandishi

Epuka wiki ya usajili na wiki za mitihani. Wakati mzuri ni kuanzia wiki ya tatu ya semista, foleni zikiwa zimekwisha na majaribio bado hayajarundikana. Tuma ujumbe mchana wa siku ya kazi, wenye jina kamili, namba ya usajili, jambo lenyewe na muda unaouomba. Mfano:

"Shikamoo mwalimu. Naitwa (jina kamili), mwaka wa pili, programu ya sosholojia, namba ya usajili (namba). Naomba nafasi ya nusu saa wiki ijayo ili unishauri kuhusu kozi za hiari za semista ya pili. Nimeandaa ramani ya kozi na matokeo yangu. Nina nafasi Jumanne baada ya saa nane na Alhamisi asubuhi. Ahsante."

Mhadhiri anayepokea ujumbe huu anajua wewe ni nani, unataka nini na umejiandaa kiasi gani. Ujumbe wa "mambo mwalimu, upo ofisini?" unaotumwa saa nne usiku haumpi chochote cha kujibu.

Asipojibu, subiri siku mbili za kazi, ukumbushe mara moja kwa heshima, kisha nenda mwenyewe katika saa zake za kuonana na wanafunzi.

## Hatua ya 6: Mazungumzo yenyewe

Andika maswali matatu, yasizidi. Swali zuri linaonyesha kwamba umefikiri kabla ya kuuliza. "Mwalimu, nisome nini?" linamtwika mshauri maisha yako yote. "Nimepima kati ya takwimu na historia ya uchumi kwa semista ijayo; takwimu inaonekana kwenye matangazo matatu kati ya matano niliyosoma, ila hesabu nilizifanya mara ya mwisho kidato cha nne. Unaonaje?" linampa pa kuanzia.

Hivi ndivyo mazungumzo ya aina hiyo huenda, mwanafunzi akiwa amekuja na karatasi zake zote:

— Shikamoo mwalimu.

— Marahaba, karibu uketi. Habari za masomo?

— Nzuri, mwalimu. Nimekuja kuhusu kozi za hiari, lakini kuna jambo jingine linanisumbua. Baba mdogo ana duka Mwanjelwa, na yeye ndiye anayenilipia ada. Anasema sosholojia haina kazi, anataka nihamie biashara.

— Na wewe mwenyewe unasemaje?

— Naipenda sosholojia, mwalimu, ila hoja yake siwezi kuijibu.

— Hebu nione insha yako. Umeandika kuhusu vikoba vya akina mama. Uliwahoji wangapi?

— Tisa.

— Mhadhiri wako ameandika hapa pembeni: mahojiano mazuri, lakini hakuna jedwali hata moja. Umeiona hiyo? Unajua kuwauliza watu wakakueleza mambo ya fedha zao, na hilo si jepesi. Kilichopungua ni namba. Semista ijayo chukua takwimu, na kozi ya nje ya idara iwe ile ya ujasiriamali. Matokeo yakitoka urudi, ndipo tuzungumzie kuhama ukiwa na kitu mkononi.

Mshauri hapo hakubishana na baba mdogo, wala hakumkatalia kijana kuhama. Aliona kwenye insha kitu ambacho matokeo peke yake yasingemwonyesha, akaujibu wasiwasi wa nyumbani kwa kozi mbili zinazoingia kwenye ramani. Bila ile insha, angebaki na maneno ya jumla.

Kuhusu kuhama programu: dirisha lake hufunguliwa kwa muda mfupi mwanzoni mwa mwaka, unatakiwa uwe na sifa za kudahiliwa kwenye programu mpya, na nafasi iwepo. Mwenye mkopo aulize kwanza kwa afisa mikopo uhamisho huo utaugusaje mkopo wake, kabla ya kusaini chochote.

Onyo. Usikubali ushauri usioelewa kwa sababu ya heshima tu. Kusema "samahani mwalimu, hapo sijaelewa, naomba unifafanulie" hakumkosei mtu yeyote adabu. Kuitikia "ndiyo mwalimu", kisha ukafanya mengine, ndiko kunakovunja imani.

Umefanikiwa ukitoka na mambo mawili au matatu ya kufanya, yenye tarehe.

## Hatua ya 7: Ieleze familia yako

Hatua hii haimo kwenye prospektasi yoyote, lakini nimeona mipango mizuri ikivunjikia nyumbani wakati wa likizo. Wazazi wa huku kwetu wamesomesha watoto kwa parachichi za Njombe, chai ya Rungwe na Mufindi, kahawa ya Mbozi, mpunga wa Kyela. Wana haki ya kuuliza fedha hiyo imenunua nini, na jibu la "siku hizi ajira ni ngumu kwa wote" haliwatendei haki.

Keti nao jioni, ukiwa na kaunta buku. Waonyeshe ramani, waonyeshe tangazo moja la kazi, na uwasomee aya moja ya kazi uliyoandika. Kisha toa mfano wanaoujua. Mimi hupenda kutumia bonde la Usangu, wilayani Mbarali, ambako wakulima wa mpunga, wafugaji na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wote wanategemea maji yaleyale. Mhandisi anaweza kupima mto una maji kiasi gani kiangazi. Lakini nani alifika lini katika bonde lile, aliahidiwa nini na nani, kwa nini kijiji hiki kinakataa kukaa meza moja na kile, na muhtasari wa mkutano uandikwe vipi ili pande zote mbili zikubali kwamba ndivyo zilivyosema, hayo ni maswali ya mtu aliyesoma historia, sosholojia na lugha. Akikosekana, vipimo vya mhandisi hubaki kwenye faili.

Wazee wanaomkumbuka Mwalimu Nyerere unaweza kuwaambia pia kwamba shahada aliyoipata Edinburgh, alikosoma kuanzia 1949 hadi 1952, ilikuwa ya sanaa: alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi wa kisiasa, anthropolojia, historia, sheria ya katiba na falsafa ya maadili.

Onyo. Usiwaahidi ajira. Waambie ukweli, kwamba kazi ya kwanza inaweza kuchelewa, inaweza kuwa ya mkataba mfupi au ya kujitolea, na kwamba mpango uliouchora ni wa kupunguza muda huo. Mzazi aliyeambiwa ukweli mapema huvumilia. Aliyeahidiwa huhesabu miezi.

## Hatua ya 8: Tunza kumbukumbu na uzifanyie kazi

Ndani ya wiki hiyohiyo mtumie mshauri ujumbe mfupi unaotaja mlichokubaliana. Yeye ana wanafunzi wengi, na ujumbe huo ndio utakaomkumbusha mkikutana tena. Onana naye angalau mara moja kila semista, hata kama hakuna tatizo.

Tunza kazi zako tatu bora, zilizoandikwa upya baada ya masahihisho. Hapa nasisitiza kuandika upya. Insha iliyopata B, ukaisafisha kwa kufuata maoni ya pembeni, inaweza kuwa sampuli nzuri ya uandishi kuliko ile iliyopata A na haikuguswa tena.

Mafunzo kwa vitendo yapangie mapema, kwa kuwa ofisi hujaza nafasi kabla barua zako hazijafika. Usiiombe halmashauri peke yake. Iringa kuna makumbusho ya Boma mjini, makumbusho ya Mkwawa kule Kalenga, na Isimila yenye zana za mawe za kale, mahali panapomfaa mwanahistoria au anayejifunza utalii wa utamaduni. Mbeya kuna redio, kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, ambako tafiti za wakulima zinahitaji watu wanaojua kuhoji, na ukisogea hadi Tunduma kuna mpaka ambao biashara yake inampa mwanafunzi wa siasa, uchumi au tafsiri mada ya utafiti kila siku.

Barua ya mapendekezo iombe angalau wiki tatu kabla ya siku ya mwisho, ukiambatisha wasifu wako, tangazo lenyewe na kazi moja uliyoandika. Mshauri aliyekufuatilia kwa semista kadhaa ataandika kwamba ulihoji watu tisa kuhusu vikoba, ukaambiwa jedwali halipo, ukasoma takwimu, na utafiti wako wa mwisho ukawa na majedwali. Asiyekufahamu ataandika kwamba una nidhamu.

Mshauri akiwa hapatikani kabisa baada ya kufuata hatua ya tano mara mbili, mwandikie mkuu wa idara barua ya ukurasa mmoja, ukitaja tarehe ulizotuma ujumbe na ulizokwenda ofisini, bila lawama, na uombe upangiwe mshauri mwingine. Ukipewa mpya, usimpeleke moja kwa moja kwenye fomu ya saini. Anza naye kwa matokeo na ramani, umwachie nakala ya insha, na umwombe miadi ya pili baada ya kuisoma.